Siku ya Walimu: mwalimu apewe muda na majibu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nizungumzie Siku ya Walimu. Kila inapokaribia, maandalizi huanzia kwenye maturubai, vipaza sauti, fulana na orodha ya wageni waalikwa. Mwalimu mwenyewe huingia kwenye ratiba mwishoni, na mara nyingi huingia kama mtenda kazi: ndiye anayepanga viti asubuhi, ndiye anayesimamia kwaya ya wanafunzi, na jioni ndiye anayebaki kurudisha viti stoo. Kesho yake anakuta rundo lile lile la madaftari, limeongezeka kwa siku moja. Naamini siku hii ina maana pale tu mwalimu anapotoka nayo akiwa na vitu viwili anavyovikosa mwaka mzima, yaani muda, na majibu ya mambo aliyoyauliza kikazi.

Hilo silizushi. Tarehe 5 Oktoba 1966, mkutano maalumu wa serikali za nchi mbalimbali uliofanyika Paris ulipitisha Pendekezo kuhusu Hadhi ya Walimu, lililoandaliwa na UNESCO pamoja na Shirika la Kazi Duniani, ILO. Siku ya Walimu Duniani ilianza kuadhimishwa mwaka 1994 kwa kumbukumbu ya tukio hilo. Waraka una aya 146, na ukiusoma unakuta mambo ya kazi hasa: darasa liwe na ukubwa unaomwezesha mwalimu kumshughulikia mwanafunzi mmoja mmoja, saa za kazi zikipangwa, muda wa kuandaa masomo, kupima kazi za wanafunzi na kuonana na wazazi uhesabiwe, mwalimu aliyepangiwa kazi mbali apatiwe nyumba ya staha, ikiwezekana bila kodi au kwa kodi nafuu, mshahara ulingane vizuri na wa kazi nyingine zinazodai sifa kama zake. Aya ya 124 inataka mfumo wowote wa kupima ufanisi kwa lengo la kupanga mshahara usianzishwe kabla vyama vya walimu havijashauriwa na kukubali. Pendekezo si mkataba, kwa hiyo haliibani nchi kisheria. Ndiyo sababu inafaa kuwe na siku ambayo aya hizo zinasomwa mbele ya watu na wahusika wanaulizwa wamefikia wapi.

Nchi nyingi zina tarehe zao pia, na tarehe hizo zina mafunzo. India huadhimisha tarehe 5 Septemba, siku aliyozaliwa Sarvepalli Radhakrishnan, mwanafalsafa aliyekuja kuwa rais. Indonesia wana tarehe 25 Novemba, siku kilipoanzishwa chama cha walimu mwaka 1945. Poland wana tarehe 14 Oktoba, kukumbuka Tume ya Elimu ya Taifa iliyoundwa mwaka 1773. Mfano unaonivutia zaidi ni wa Brazil. Tarehe yao ya 15 Oktoba inatokana na sheria ya mwaka 1827 iliyoagiza shule za msingi za kusoma na kuandika zifunguliwe katika miji na vijiji vyenye watu wengi, na sheria hiyo hiyo ilitaja viwango vya mishahara na kuamuru walimu wanawake walipwe sawa na wanaume. Siku iliyozaliwa na kifungu cha mshahara haiwezi kuona aibu kuzungumzia mshahara.

Sasa nije kwenye muda, maana ndipo watu wasiofundisha wanapokosea hesabu. Chukua darasa la wanafunzi 60. Mwalimu wa hisabati akitoa mazoezi manne kwa wiki, atakusanya madaftari 240. Akitumia dakika 2 kwa kila daftari, zinatimia dakika 480, yaani saa 8. Kama anafundisha mikondo mitatu, ni saa 24 za kusahihisha kwa wiki, kabla hajaandika andalio la somo hata moja, hajajaza mahudhurio na hajakaa na mzazi. Kipindi cha dakika 40 kikigawanywa kwa hao 60, kila mtoto anapata sekunde 40, tena kama mwalimu hakufundisha lolote ubaoni. Anayesema mwalimu anamaliza kazi kengele ya mwisho ikilia hajawahi kuyahesabu madaftari hayo.

Na dakika 2 kwa daftari ni chache mno. Tuseme mwanafunzi ameandika 52 − 27 = 35. Mwalimu aliyezidiwa ataweka mkasi, ile alama ya kosa, na kufungua ukurasa wa mtoto mwingine. Mwalimu mwenye muda atatafuta hiyo 5 imetoka wapi, na ataona kwamba mtoto ametoa 2 kwenye 7, kwa sababu amejijengea kanuni kuwa siku zote namba ndogo hutolewa kwenye kubwa, halafu akatoa 2 kwenye 5 akapata 3. Ili kuthibitisha, anampa 80 − 46. Mtoto akijibu 46 badala ya 34, basi si uzembe. Anafuata kanuni yake kwa uaminifu kabisa, ila kanuni yenyewe ni mbovu. Hapo mkasi haumfundishi kitu. Dawa ni vijiti: mafungu 5 ya kumi kumi, na vijiti 2 pembeni. Mtoto aambiwe atoe 7 kwenye vile vya pembeni. Havitoshi. Afungue fungu moja kwa mikono yake mwenyewe, ahesabu 12, atoe 7, vibaki 5. Mafungu yamebaki 4, atoe 2, yabaki 2. Jibu ni 25, na amejionea kumi ikivunjika kuwa mamoja. Akiambiwa "kopa kwa jirani" kabla ya kushika vijiti, atakariri hatua asiyoijua maana yake, na utamkuta anakopa hata kwenye 58 − 23 pasipo na haja.

Zoezi hilo huchukua dakika kumi hivi kwa kundi la watoto wenye kosa moja. Ugumu uko kwenye kuwatambua, kwani ni lazima kila daftari lisomwe kwa makini. Huo ndio ujuzi tunaodai kuuenzi. Daktari akigundua ugonjwa kwa kusoma dalili tunamwita bingwa. Mwalimu anayegundua kanuni mbovu kichwani mwa mtoto wa miaka minane kwa kutazama tarakimu mbili amefanya kazi ya aina hiyo hiyo, na kesho anapaswa kuifanya tena mara 60.

Tusipoliona hilo tutaendelea kuwapoteza. UNESCO inakadiria kuwa ili kila mtoto apate elimu ya msingi na sekondari kufikia mwaka 2030, dunia inahitaji walimu wapya milioni 44, na milioni 15 kati yao ni kwa Afrika kusini mwa Sahara. Sehemu kubwa ya idadi hiyo ni ya kuziba nafasi za wanaoacha kazi. Kwa shule za msingi, kiwango cha walimu wanaoacha kazi duniani kilipanda kutoka takribani asilimia 4.6 mwaka 2015 hadi takribani asilimia 9 mwaka 2022. Ukifundisha walimu wapya bila kuwashika waliopo, unajaza pengo linalochimbika upya kila mwaka.

Kwa hiyo sherehe yenyewe ipangwe namna hii. Iwe siku ya kazi, ndani ya saa za kazi, na isizidi dakika 90. Wazazi na kamati ya shule ndio wapange viti, wapike na wasafishe. Mwalimu akionekana ameshika ufagio siku hiyo, maandalizi yameshindwa. Wazungumzaji watatu wanatosha, dakika tano kila mmoja, na mshehereshaji apewe ruhusa ya kumkatiza yeyote, hata mgeni rasmi. Wazazi wajulishwe kwa maandishi siku saba kabla kama wanafunzi watatoka mapema, maana watoto wadogo wakirudishwa nyumbani bila taarifa hukuta mlango umefungwa. Wiki hiyo kusiwe na mtihani wala ukaguzi, na baada ya sherehe walimu waachiwe mchana wao. Mchango wa sherehe usikatwe kwenye mshahara wa mwalimu kwa jina lolote lile. Vyeti vikichapwa, rasimu ipite kwa kila mwalimu wiki mbili kabla ili ahakiki jina lake na kuweka sahihi. Cheti chenye jina lililokosewa hakiingii kwenye jalada, na kinaumiza kuliko kutopewa chochote.

Kinachoiharibu siku hii kuliko vyote ni tuzo ya mwalimu bora, jinsi inavyotolewa. Kawaida huchukuliwa wastani wa mtihani wa mwisho, somo lenye wastani wa juu likashinda. Tazama madarasa mawili. La kwanza lilianza mwaka na wastani wa 70, likamaliza na 72. La pili lilianza na 30, likamaliza na 52. Kwa utaratibu wa sasa tuzo inakwenda kwa mwenye 72, wakati aliyesogeza watoto kwa alama 22 anapiga makofi. Tena mwalimu wa darasa la mtihani anavuna kilichopandwa na aliyewafundisha watoto kuunganisha silabi miaka mingi nyuma, na huyo wa silabi hatajwi popote. Baya zaidi, shule zikijua tuzo inafuata wastani, wanafunzi dhaifu huanza kukaririshwa darasa au kushawishiwa wasifanye mtihani. Hapo siku ya kumuenzi mwalimu imegeuka kuwa hasara kwa mtoto.

Wengine watasema basi tupime maendeleo. Ni hatua nzuri, na inawezekana bila gharama kubwa. Kwa madarasa ya chini inatosha kifungu cha maneno kama 60, mtoto asome kwa sauti kwa dakika moja, maneno aliyoyasoma sawasawa yahesabiwe, kisha aulizwe maswali mawili ya ufahamu. Kifanyike mwanzo wa mwaka na mwisho wa mwaka, kwa vifungu viwili vyenye ugumu sawa, na msomeshaji asiwe mwalimu wa darasa hilo. Lakini hata hapo tahadhari inahitajika. Kwenye darasa la watoto 20, mtoto mmoja mwenye alama 10 akihama na nafasi yake ikachukuliwa na mwenye 90, wastani unapanda kwa alama 4 bila mwalimu kufanya lolote. Wakihama watatu wa namna hiyo, ni alama 12. Takwimu za darasa moja kwa mwaka mmoja hazina nguvu ya kumtangaza mtu kuwa wa kwanza na mwenzake wa pili. Zitumike kujua watoto gani wasaidiwe.

Tuzo ikiwepo, basi ipewe kazi iliyotajwa waziwazi: idara iliyoandaa mazoezi ya marudio yanayotumiwa na wenzao wote, mwalimu aliyetengeneza zana za kufundishia hesabu za sehemu kwa vifuniko vya chupa, walimu wa darasa la kwanza waliokubaliana herufi zifundishwe kwa mpangilio mmoja katika mikondo yote. Maandishi ya cheti yaitaje kazi hiyo kwa sentensi moja. Kamati iwe ya watu watano, wengi wao wakiwa walimu waliochaguliwa na wenzao, na vigezo vitangazwe mwanzoni mwa mwaka. Vigezo vinavyotoka wiki mbili kabla ya sherehe huwa vimeshonwa kwa kipimo cha mtu fulani.

Kuhusu zawadi kutoka kwa wanafunzi nitasema kwa ufupi. Zikiletwa mmoja mmoja, mtoto wa mzazi asiye na kitu anaaibika mbele ya wenzake, na mwalimu anashukiwa kupendelea. Korea Kusini, ambako Siku ya Walimu ni tarehe 15 Mei na ua lilikuwa zawadi ya kawaida, sheria ya kuzuia rushwa iliyoanza kutumika Septemba 2016 ililibana jambo hili kiasi kwamba ua linapaswa kutolewa hadharani na mwakilishi wa wanafunzi. Kwetu sisi wote inatosha karatasi. Kila mwanafunzi aandike sentensi tatu: jambo alilolijua kwa mwalimu huyo, namna alivyolijua, na analitumia wapi. Sentensi ya "asante kwa kutufundisha vizuri" haimsaidii mwalimu. Sentensi ya "nilielewa kutoa siku uliponipa vijiti nifungue mwenyewe" inamwambia kipi akirudie mwakani.

Sasa jambo ambalo ningependa wizara na ofisi za elimu zilichukue kwa uzito, nalo ni majalada. Mwalimu anaweza kufundisha miaka 30 bila kuliona jalada lake la ajira, halafu akagundua kasoro akiwa amebakiza miezi michache kustaafu. Kasoro zenyewe zinajulikana. Jina kwenye cheti cha taaluma lina herufi moja tofauti na lililoko kwenye barua ya ajira. Tarehe ya kuzaliwa haifanani katika hati mbili. Barua ya kuthibitishwa kazini haipo. Barua ya kupandishwa daraja ipo, ila mshahara haukubadilishwa tangu tarehe iliyoandikwa. Michango ya pensheni ina miezi isiyoonekana, hasa miezi ya uhamisho, kwa sababu kituo cha zamani kiliacha kukata kabla kipya hakijaanza. Orodha ya wategemezi ina majina ya waliokwisha kufariki na haina watoto waliozaliwa baadaye.

Hayo yote hurekebishika kirahisi yakigunduliwa mapema, na huwa mateso yakigunduliwa mwishoni, wakati mwajiri wa zamani amebadilisha ofisi na watunza kumbukumbu wameondoka. Basi katika wiki ya Siku ya Walimu, maofisa utumishi wayapeleke majalada, au nakala zake, kwenye vituo vilivyo karibu na shule. Kila mwalimu apewe nusu saa na karatasi ya kuhakiki: jina, tarehe ya kuzaliwa, tarehe ya kuajiriwa na kuthibitishwa, daraja na tarehe yake, michango mwezi kwa mwezi, wategemezi. Panapokosekana kitu, paandikwe nini kinakosekana, nani atakitafuta na lini jibu litatoka, na mwalimu aondoke na nakala yenye mhuri. Waliobakiza miaka mitano au pungufu kustaafu waanze. Shule yenye walimu 20 na maofisa wawili inamalizika kwa saa tano. Hakuna hotuba inayoweza kumpa mwalimu heshima inayolingana na kulala akijua kumbukumbu zake ziko sawa.

Jambo la mwisho ni karatasi ya madai ya shule, iandaliwe wiki sita kabla. Iandikwe kwa vitu vinavyohesabika. "Mazingira bora ya kufundishia" hayahesabiki, kwa hiyo hakuna atakayeulizwa kuyahusu. "Madawati 45, vitabu vya sayansi 80, choo cha walimu matundu 2, mwalimu 1 wa hisabati" yanahesabika. Mbele ya kila hitaji iwepo tarehe liliporipotiwa mara ya kwanza, ofisi inayohusika, jibu lililotolewa, na nafasi tupu ya tarehe ya kutimizwa. Asiijaze mwalimu mkuu peke yake, maana yeye ndiye atakayebanwa na wakubwa wake na atashawishika kupunguza makali. Ijazwe katika kikao cha walimu wote na isainiwe na mwakilishi wao pamoja na mwenyekiti wa kamati ya shule. Siku ya sherehe isomwe kwa sauti, na ofisa aliyehudhuria ajibu hitaji kwa hitaji, hata kama jibu ni kwamba fedha hazipo. Jibu la hapana lenye sababu linamwezesha mwalimu kupanga. Ahadi ya jumla haimwezeshi. Na tarehe ya zoezi iangaliwe vizuri: kama bajeti imeshafungwa, karatasi itakaa mwaka mzima mezani, kwa hiyo nakala ifike kwenye ofisi husika kabla makadirio hayajaanza kuandikwa.

Hapo ndipo ninapokuomba wewe Mhariri. Magazeti huchapisha picha za Siku ya Walimu na maneno ya mgeni rasmi, kisha habari inaishia hapo. Naomba gazeti lako litenge safu moja siku inayofuata, liorodheshe ahadi zote zilizotolewa hadharani, kila moja na jina la ofisi iliyoitoa na kiasi kilichotajwa. Miezi mitatu baadaye safu hiyo hiyo irudi na orodha ile ile, mbele ya kila ahadi pakiwa na neno moja kati ya matatu: imetimizwa, imeanza, bado. Walimu wenyewe watawapa taarifa, kwani nakala zenye mhuri watakuwa nazo.

Wako,
Mwalimu na msomaji wa gazeti hili